Ngitili ya babu na historia ya "punguzeni mifugo"

Waungwana, mtaniwia radhi kwa ukimya. Nilikuwa nyumbani, Shinyanga, wilaya ya Kishapu, katika kijiji ambacho ukitaka kupiga simu unapanda kwanza juu ya kichuguu. Baba mdogo alinipigia mwanzoni mwa Desemba (bila shaka akiwa juu ya kichuguu hicho) akasema: "Njoo haraka. Tunataka kulima ngitili na mzee amegoma. Anasema mpaka msomi wake aje."

Msomi ndiyo mimi. Shahada moja, kitambulisho cha gazeti, na deni la bodi ya mikopo. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi.

Najua nyie wa Sinza na Mbezi mnajiuliza, ngitili ndiyo kitu gani? Haya, sogeeni.

Ngitili ni kipande cha malisho ambacho Msukuma anakifunga. Mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, ng'ombe hawaingii tena pale. Hakuna ukuta, mara nyingi hata uzio hakuna. Kuna mpaka unaojulikana tu: kutoka mkwaju ule mpaka kichuguu, kutoka kichuguu mpaka korongo. Nyasi zinaota, zinatoa mbegu, zinakauka zikiwa zimesimama. Muda wote huo ng'ombe wanakula kwingine, kwenye malisho ya wote. Mavuno yakiisha wanaingizwa mashambani kula mabua ya mtama na mahindi. Mabua nayo yakiisha, kuanzia Julai au Agosti, nchi nzima ikiwa imegeuka rangi ya vumbi, ndipo ngitili inafunguliwa.

Tena haifunguliwi yote. Babu yangu ameigawa ya kwake vipande vitatu, na anafungua kimoja kimoja. Mwaka wenye mvua nzuri kipande cha tatu hakiguswi kabisa, kinalala hivyo hivyo kuwangojea walioko mbele. Na si kila ng'ombe anaruhusiwa kuingia. Wanaingia wenye ndama wachanga, wanaingia wagonjwa, na wanaingia maksai. Nilipokuwa mdogo nilidhani maksai wanapendelewa kwa sababu babu anawapenda. Kumbe ni hesabu. Mvua ya kwanza ikinyesha Novemba, mwenye maksai wenye nguvu analima wiki ile ile. Mwenye maksai waliobaki mbavu anasubiri wiki tatu wanenepe kwa majani mapya, na kwetu wiki tatu ni tofauti ya kuvuna na kutovuna, maana mvua yenyewe ya mwaka mzima ni milimita 600 mpaka 800, na haiji kwa foleni. Kwa hiyo ngitili si chakula cha ng'ombe tu. Ni ugali wa mwaka unaofuata.

Kuna kitu kingine ambacho babu anakijua kwa macho na mimi nilikijua kwa kusoma. Nyasi za kudumu, zile zinazochipua kwenye shina lile lile kila mwaka, zinaishi kwa akiba iliyoko mizizini. Jani la kwanza linachomoza kwa kutumia akiba hiyo, halafu likishakua ndipo linairudisha. Ng'ombe akilikata kila linapochomoza, mzizi unatoa tu, haurudishiwi. Unafupika. Ukija mwaka wa mvua haba, mzizi mfupi haufiki maji yaliko, shina linakufa, na mahali pake panaota magugu ya msimu mmoja au panabaki udongo mtupu. Ukiona mahali penye ukame pamebaki vumbi, usidhani jua peke yake limefanya kazi hiyo. Mara nyingi mizizi ilishakuwa mifupi kabla jua halijafika.

Sasa niungame dhambi yangu. Januari 2022 nilikuwa mgeni katika chumba cha habari, kijana wa kutumwa chai. Zikaja taarifa kutoka Simanjiro, mkoani Manyara: mifugo zaidi ya 62,000 imekufa kwa ukame. Nikapewa aya nne. Ya kwanza nikaweka idadi. Ya pili nikaweka kiongozi amesikitika. Ya tatu, kiongozi amewataka wafugaji wapunguze mifugo. Ya nne, hali inafuatiliwa kwa karibu. Picha ilikuwa ya mizoga, kama kawaida. Haikunijia hata kidogo kuuliza watu wale walikuwa na malisho yao ya kiangazi wapi, na malisho hayo yamepatwa na nini. Mimi! Mjukuu wa mzee mwenye ngitili!

Aya ile ya tatu imekuwa ikinisumbua tangu siku hiyo, kwa sababu si mpya. Imeandikwa na kuandikwa tena nchini mwetu tangu enzi za mkoloni. Nikaanza kuifuatilia kwa upande wa kwetu, Usukumani, na hiki ndicho nilichokipata. (Wale mliokuwa mnasinzia kipindi cha historia, hii si mtihani, tulieni.)

Tuanzie kwenye sotoka. Ugonjwa huo ulipita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ukafyeka ng'ombe, na nyuma yake zikaja njaa na ndui. Watu wengi tunaishia hapo: ng'ombe walikufa, pole sana. Lakini Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu mazingira na uchumi wa eneo hili, anaonyesha kilichofuata. Ng'ombe wakiisha na watu wakipungua, hakuna wa kula nyasi, hakuna wa kuchoma wala kufyeka vichaka. Pori linasogea. Na pori likisogea linakuja na mbung'o. Kwa hiyo Mwingereza alipochukua nchi kutoka kwa Mjerumani baada ya Vita ya Kwanza, alikuta mapori makubwa yenye mbung'o akadhani ndivyo Mungu alivyoyaumba. Hakujua kwamba baadhi yake yalikuwa malisho ya watu miaka 30 tu iliyopita.

Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o. Aliyeuongoza alikuwa Charles Swynnerton, bwana mmoja mwenye bidii ya ajabu, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Dawa yake kubwa ilikuwa kufyeka. Watemi waliwaita watu, na maelfu walitoka na mashoka na mapanga kukata miti. Nisiwe mchoyo wa sifa, kazi ile ilifaa. Mbung'o walirudi nyuma, watu na ng'ombe wakaingia maeneo mapya. Ila baadaye ikawa tabia. Tukafyeka kwa ajili ya mbung'o, tukafyeka kwa ajili ya ndege kwelea kwelea, tukafyeka kwa ajili ya pamba. Pamba ndiyo ilimaliza, maana ilihitaji mashamba mapana, na fedha yake watu waliiweka wapi? Kwenye ng'ombe! Benki ilikuwa mbali, ng'ombe yuko zizini. Hivyo miti na malisho vikapungua na ng'ombe wakaongezeka kwa wakati mmoja, tena kwa zao ambalo serikali yenyewe ilikuwa inalihimiza.

Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ikaanzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya. Ulikuwa na mabwawa, makinga maji, sheria za kulima na sheria za kufuga, na ndani yake mkiwemo ile aya yangu ya tatu: kupunguza ng'ombe, kwa amri. Watu wakagoma. Wengine walificha ng'ombe kwa ndugu, wengine walihama kwenda Geita na kwingineko. Hasira za amri hizo ndizo zilizowapa TANU wasikilizaji wengi Jimbo la Ziwa, licha ya chama hicho kupigwa marufuku huko kati ya 1954 na 1958. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 amri zilikuwa zimefia mikononi mwa walioziandika.

Kitu kinachonishangaza katika mpango ule ni kwamba ngitili zilikuwepo. Wasukuma walikuwa wanafunga nyasi wenyewe, pembeni ya mabwana shamba waliokuwa wanawahesabia ng'ombe. Swali la serikali lilikuwa moja tu, ng'ombe ni wangapi. Swali la mfugaji lilikuwa jingine: mwezi wa tisa watakula wapi, na nani ana mamlaka ya kumzuia jirani asiingie pale mwezi wa pili?

Tushike hapo kwenye mamlaka.

Mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria. Siwalilii watemi, wengine walikuwa wakusanya kodi wa mkoloni na hatuna haja ya kuwapaka marashi leo. Lakini pamoja na mtemi iliondoka ngazi iliyokuwa inaamua kesi za malisho, na haikuja nyingine haraka ya kukaa mahali pake.

Halafu ikaja 1974. Hii babu anaisimulia mwenyewe, na akiisimulia anaondoa kofia. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa mashambani awe anaishi kijijini. Kwetu operesheni ilifika 1974. Babu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, baba yake yu hai bado. Wakahamishwa kilomita saba. Nyumba ilibomolewa, wakaondoka na milango kichwani. Ngitili haibebwi kichwani. Ikabaki kule, kilomita saba, bila mwenyewe.

"Mwaka wa kwanza," anasema babu, "watu waliogopa kuingiza ng'ombe. Waliona aibu. Mwaka wa pili aibu iliisha." Kulikuwa na ukame miaka hiyo hiyo, 1973 mpaka 1975, na kila mtu alijua asipokula yeye atakula mwenzake. Kijiji kipya nacho kiliwabana watu na ng'ombe mahali pamoja, kila alfajiri kundi lote linatoka njia moja na jioni linarudi njia hiyo hiyo. Njia ikawa mtaro, mtaro ukawa korongo. Baba yake babu alifariki kabla hajaiona tena ngitili yake ikiwa na nyasi.

Naomba nisieleweke vibaya hapa. Vijiji vilileta shule, na baba yangu alisoma kwenye mojawapo, ndiyo maana mimi ninaandika haya badala ya kuchunga. Ila gharama ya kule haikuandikwa popote, kwa sababu nyasi hazina risiti.

Si Shinyanga peke yake, pia. Wamasai wanayo alalili, malisho yanayofungwa mpaka kiangazi kama ngitili. Wabarabaig wa Hanang walikuwa na mzunguko wao wa malisho, na katikati ya mzunguko huo miaka ya 1970 yakaingia mashamba ya ngano ya NAFCO kwa msaada wa Kanada, eka 100,000 hivi za udongo mzuri kuliko wote. Ukimnyang'anya mfugaji kipande alichokuwa anakiacha kipumzike, kwenye ramani unaona umechukua ardhi iliyokuwa tupu. Ndivyo inavyoonekana, tupu, kwa sababu ameifunga!

Turudi kwetu. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alitembelea Shinyanga akashtuka. Mkoa ulikuwa umeanza kuitwa jangwa la Tanzania. Akina mama walikuwa wanapikia samadi na mabua kwa kukosa kuni. Kutokana na ziara ile, mwaka 1986 ukazaliwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, kwa fedha za Norway, na baadaye watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF wakaingia.

HASHI walianza kama miradi yote inavyoanza, kwa vitalu vya miche na wataalamu wenye orodha ya miti. Kilichowatofautisha ni kwamba walifika mahali wakawauliza wazee. Wazee wakawaambia, ndugu zetu, kuna kitu kinaitwa ngitili. Funga tu. Usipande kitu. Visiki vya migunga viko hai chini ya udongo, mbegu za nyasi zipo, ukiwaondoa ng'ombe kwa misimu miwili mitatu utaona mwenyewe.

Wakafunga. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu hivi katika mkoa mzima, na mkoa wa wakati ule ulikuwa mkubwa, Maswa, Meatu na Bariadi zikiwemo kabla hazijawa Simiyu. Mradi ulipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Someni tena: kutoka 600 mpaka zaidi ya 300,000, kwa miaka 18, kwa kutofanya kitu. Sawa, si kutofanya kitu kabisa. Kwa kufanya kitu kigumu kuliko kupanda miti, yaani kumwambia mtu mwenye njaa asiingize ng'ombe wake mahali penye majani.

Na nani alisema? Hapa ndipo nilipoanza kuielewa historia hii. Mkutano wa kijamii wa Kisukuma, dagashida, ndio uliokaa ukapanga ngitili ipi ni ya nani, inafunguliwa lini, na anayeingiza ng'ombe anatozwa nini. Sungusungu, ambao walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, wakapewa na kazi ya kukamata wavunja ngitili. Mabwana misitu walikuwepo, ndiyo, lakini aliyekuwa analala porini na filimbi alikuwa jirani yako. Babu alirudi kwenye ardhi ya baba yake mwishoni mwa miaka ya 1980, akaenda mbele ya mkutano, akaonyesha mkwaju, akaonyesha kichuguu. Wazee waliokumbuka wakasema ni kweli. Akafunga.

Kwa hiyo baada ya yote hayo nimeamini jambo moja, na mtanikosoa nikikosea. Idadi ya ng'ombe ina maana, sikatai, nimeona kundi la mia tatu likipita, najua linachofanya. Lakini mara zote malisho ya kwetu yalipokufa, kabla yake alikuwa ameondolewa mtu au kikao chenye uwezo wa kusema "hapa pafungwe" na kusikilizwa. Na yalipofufuka, uwezo huo ulikuwa umerudishwa kwanza.

Ila sasa msianze kupiga makofi, maana hadithi haina malaika. Karibu nusu ya ngitili zilizorudi ni za watu binafsi. Mwenye ardhi kubwa alifunga kubwa. Asiye na ardhi alikuta malisho ya wote yamekuwa madogo zaidi, na kiangazi anakodi nyasi kwa mwenye nazo. Na wenye makundi makubwa mno hawakuweza kutoshea. Baba mkubwa wangu aliondoka na ng'ombe wetu wengi miaka ya 1990 kwenda Usangu, Mbeya, kwenye majani ya Ihefu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa kule, mto Ruaha Mkuu umekauka, na serikali ikawaelekeza Lindi na Pwani. Akaenda Lindi, akipoteza wengi njiani. Huko aliko sasa kila mwaka ana kesi ya ng'ombe kuingia shamba la ufuta la mtu. Ukimpigia simu anauliza mvua kwanza, watu baadaye.

Ndiyo maana nyumbani wamebaki ng'ombe tisa. Na ndiyo hoja ya baba mdogo.

Tulikaa jioni chini ya mti, babu kwenye kiti chake, baba mdogo, binamu zangu wawili, baba kwenye simu (binamu mmoja alisimama juu ya kichuguu kupokea kisha anatupigia kelele, msicheke). Shangazi alikuwa anakamua ng'ombe, anapita na ndoo. Nikapewa nafasi. Nikaitoa historia yote hii kwa dakika kama kumi, kuanzia sotoka mpaka HASHI. Nilijisikia vizuri sana.

Baba mdogo akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Umesema vizuri, mwanangu. Sasa nijibu. Ng'ombe tisa wanahitaji eka kumi na nne za nyasi? Mimi nina watoto watano, mmoja kidato cha tatu. Choroko eka tano zinalipa ada. Nyasi zinalipa nini?"

Nikakosa jibu la haraka. Kwenye makabrasha ya HASHI ngitili ina faida tele: kuni, miti ya kujengea, nyasi za kuezekea, dawa, asali. Yote kweli. Lakini ada ya shule inataka fedha mwezi wa kwanza, na asali haijui kalenda ya wizara. Na isitoshe, ana haki. Ardhi hiyo ni ya baba yake kama ilivyo ya baba yangu, na mimi niko Dar ninakula chipsi.

Babu ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa historia. Alimuuliza, "Mwaka ule wa ukame, ng'ombe wa jirani zetu walikufa wangapi?" Kimya. "Wetu?" Kimya. "Maksai uliolimia choroko zako msimu uliofuata walikula wapi?"

Baba mdogo akacheka kwa kukerwa. "Walikula ngitili, mzee. Lakini siku hizi nakodi trekta."

"Kodi trekta," akasema babu. "Kwa fedha ya nini, choroko zikikauka?"

Hapo ikawa zamu ya wote wawili kunyamaza, maana wote wawili walikuwa wamesema kweli.

Asubuhi babu alitutoa wote tukaizunguke. Mvua mbili zilikuwa zimeshanyesha, nyasi zinafika kifundo cha mguu. Alikwenda taratibu na fimbo yake, kila mahali anapiga udongo. Upande wa korongoni, karibu na njia ya kwenda lamboni, nyasi zilikuwa chache na magugu mengi. Mbuzi wa kijiji wanaingia hapo usiku, na siku hizi hakuna anayelinda isipokuwa shangazi anayetoka na fimbo kuwafukuza. Babu akasimama, akapima kwa hatua, akachomeka kijiti. "Kutoka hapa mpaka korongo lime. Huku kwingine sitaki kuona plau nikiwa hai."

Nikapima kwa simu. Zilikuwa eka tatu na nusu, si tano. Baba mdogo alizichukua. Kesho yake alizilima, kwa maksai.

Mimi nilipewa kazi ya karatasi. Nilikuwa nimewaeleza kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mtu au familia inaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, ili siku nyingine asije mtu akaiona ngitili tupu akagawa. Nikakaa na babu na fomu. Kwenye mipaka akaniamuru niandike mkwaju, kichuguu, korongo. Nikamwambia watakuja kupima kwa mashine na kuweka namba. Akasema namba waweke, lakini mkwaju niuandike kwanza, mashine zinaharibika.

Tukafika kwenye majina ya wamiliki. Nikaandika la kwake. Akataja la baba, la baba mkubwa wa Lindi, la baba mdogo. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kukunja karatasi.

"Na shangazi yako," akasema.

Baba mdogo, aliyekuwa ananoa plau pembeni, akainua kichwa. Akasema shangazi ameshaolewa akaachika, ana haki kwa mumewe. Babu akasema yeye hajauliza habari za mume, anauliza nani anafukuza mbuzi usiku. Nikaliandika jina. Fomu nimeiacha juu ya kabati, chini ya redio. Ina sahihi ya dole gumba la babu, ya shangazi, na ya baba aliyeitia alipokwenda mwenyewe kwa Krismasi. Ya baba mkubwa itatafutwa Lindi. Ya baba mdogo, mpaka ninapanda basi, nafasi yake ilikuwa bado nyeupe.